Kofia Moja, Kazi Tatu: Sherehe ya Mtoto kwa Vitu Vilivyomo Nyumbani

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi na walezi mliofika, habari za mchana. Nimepewa muda mfupi niseme juu ya sherehe za kuzaliwa za watoto, hasa hizi za siku hizi zenye mada. Mtoto anaamka asubuhi anatangaza kwamba mwaka huu anataka maharamia, au anataka anga za juu, au anataka wadudu, na mzazi anabaki ameshika kichwa. Meza zile pale nyuma zimeshapangwa karatasi na mikasi, kwa hiyo mkiona nazidi kurefusha, anzeni kusogeza viti nami nitaelewa.

Jambo nililokuja kusema ni moja. Sherehe inakuwa ghali kwa sababu tunanunua mara tatu. Tunanunua mapambo ya kutundika, tunanunua vitu vya kuwashughulisha watoto, kisha tunanunua vijizawadi vya kuwafungia wageni wanapoondoka. Wiki haijaisha, vyote vimeshafika jalalani. Mimi nasema, chagua kitu kimoja kifanye kazi zote tatu. Kofia ya haramia ikipangwa mezani kabla wageni hawajafika, ni pambo. Mtoto akifika akakaa, akaichora fuvu la kichwa na kuibandika jina lake, ni mchezo. Akiivaa akaondoka nayo kwenda kwao, ni zawadi. Karatasi ni ile ile moja.

Nimefundisha watoto wadogo muda mrefu, na hili nimeliona kila mara: mtoto wa miaka mitano hakumbuki nani alimpa filimbi ya plastiki. Anakumbuka kofia aliyoibandika mwenyewe ikapinda, na ukijaribu kuinyoosha anakukatalia.

Sasa basi, unapata wapi mada? Watu wengi huanza na mada halafu wanaenda kutafuta vitu vyake. Geuzeni. Anzeni stoo. Fungueni kabati, angalieni chini ya kitanda, ulizeni jirani anatupa nini. Ukikuta maboksi makubwa, una treni, una jiji, una ngome. Ukikuta magazeti, una maharamia. Ukikuta vile vibomba vya kadibodi vinavyobaki karatasi ya chooni ikiisha, una roketi, una darubini za wapelelezi, una pweza. Trei za mayai zinatoa viwavi na kasa. Vipande vya vitambaa vinatoa vibendera. Na kama huna kitu kabisa ila una mti uani, majani makavu yanatosha kwa msitu mzima. Ukishajua ulichonacho, ndipo unamwita mwenye sherehe na kumwambia achague kati ya mada mbili au tatu. Amechagua yeye, ila amechagua ndani ya stoo yako.

Najua mtaniuliza: je, akisema anataka katuni fulani aliyoiona kwenye televisheni? Hapo ndipo pesa inapokwenda, maana kitu chenye sura ya mhusika maarufu kinauzwa kwa bei ya ile sura. Sahani ni sahani, ila ikichapwa uso wa mhusika inapanda. Chukueni rangi mbili za mhusika huyo na alama yake moja, basi. Kama anavaa nguo nyekundu yenye mshipi mweusi, kata miduara myekundu, pitisha ukanda mweusi katikati, tundika. Watoto watamtambua kabla hujafungua mdomo. Watoto ni mahiri sana kusoma alama, kutushinda sisi.

Nije kwenye kofia yenyewe, kwa sababu wengi wetu tuliikunja utotoni na tumeisahau kipimo chake. Hapa ninayo karatasi ya A3, ambayo upana wake ni sentimeta 29.7 na urefu wake sentimeta 42. Iweke wima mbele yako. Ikunje katikati, upande mfupi wa juu uje kulala juu ya upande mfupi wa chini, kisha igeuze ili mkunjo uwe juu, mbali nawe. Shika pembe mbili za juu, zishushe zikutane katikati. Umepata pembetatu, na chini yake umebaki ukanda wa tabaka mbili wenye kimo cha sentimeta 6 hivi. Ukanda wa mbele uupandishe juu, geuza kofia, wa nyuma nao uupandishe. Ingiza vidole gumba, fungua.

Mbona nasisitiza A3? Mdomo wa kofia hii ni mara mbili ya urefu wa mkunjo ule wa kwanza. Mkunjo wa sentimeta 29.7 unakupa mdomo wa sentimeta 59.4. Kichwa cha mtoto wa miaka mitatu hadi minane, ukizungusha utepe wa kupimia juu ya nyusi, mara nyingi kinakuwa kati ya sentimeta 49 na 54. Kofia haifunguki ikawa duara kamili, kwa hiyo ile nafasi ya ziada inahitajika. Ukichukua karatasi ya kawaida ya A4, ukaikunja vivyo hivyo, mdomo ni sentimeta 42. Hiyo mvalishe mdoli. Kuna wazazi wanaokesha wakikunja kofia za A4, na asubuhi hakuna kichwa kinachoingia.

Kwa wanaotumia gazeti, weka karatasi moja ya A3 juu ya gazeti iwe kielelezo, kata tabaka mbili kwa pamoja, na uzikunje pamoja, maana gazeti la tabaka moja ni laini mno. Msiwape watoto rangi ya maji wapake juu ya gazeti. Litalowa na kuchanika mikononi mwao. Krayoni, au vipande vya karatasi nyeupe vya kubandika. Wino wa gazeti huacha weusi vidoleni, hivyo kitambaa chenye unyevu kikae karibu. Na pembe za ukanda zifungeni kwa selotepu, msitumie stepla. Pini ya stepla ina ncha mbili nyuma, na zinakaa sawasawa kwenye paji la uso.

Kama mada si maharamia, mama wa kofia nyingine zote ni ukanda wa kichwa. Kata karatasi ngumu ya A4 kwa urefu, vipande vya upana wa sentimeta 5 au 6. Unganisha viwili, viungo vyote viwili vikipishana sentimeta 3, na unapata mzunguko wa sentimeta 53 na kitu. Ila kiungo kimoja kiache wazi mpaka mtoto afike, umpime kichwani kwake, ndipo ufunge. Juu ya ukanda huo ongeza unachotaka. Masikio mawili ya mviringo, ni simba au dubu. Vipapasio viwili vya karatasi iliyokunjwakunjwa, ni mdudu. Petali, ni ua. Miale, ni jua. Mkono wako unakata ukanda wa aina moja tu kwa watoto wote, na kila mtoto anatoka na chake.

Wengine wananiuliza kuhusu vinyago vya kufunika uso. Mimi kwa watoto wadogo sivipendi. Vinapendeza kwenye picha, lakini matundu ya macho hayaendi na kila uso, mtoto anavuta hewa yake mwenyewe yenye joto, na watoto kwenye sherehe hawatembei, wanakimbia. Anayekimbia haoni pembeni. Ndani ya dakika chache kila kinyago kimesukumwa juu ya nywele. Basi si heri kutengeneza cha kukaa juu ya nywele tangu mwanzo?

Vile vibomba vya kadibodi sitavichelewesha. Viwili ukivibandika sambamba na kuvifunga uzi, ni darubini. Kimoja ukikikata upande wa chini hadi katikati mara nane, ukaikunja mikia kwa nje, ni pweza, na kwa jirani yake kata kiti cha pweza cha karatasi, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, una bahari. Kimoja ukikivika kofia ya karatasi iliyochongoka juu na mabawa matatu chini, ni roketi. Kofia hiyo iliyochongoka ni nusu duara iliyozungushwa, na si duara zima. Kwa kibomba cha kawaida nusu duara ya kipenyo cha sentimeta 10 inatosha, inapishana kidogo unapoizungusha.

Roketi inanikumbusha anga, na hapa naomba ruhusa nivunje kanuni yangu ya kazi tatu, maana kuna pambo moja la anga ambalo halichezewi wala haliendi nyumbani na bado nalitetea. Ni sayari nane kwa vipimo vyake vya kweli. Kata duara la Dunia lenye kipenyo cha sentimeta 1, la ukubwa wa kifungo kidogo. Zuhura ni karibu sawa nayo, kasoro kidogo tu. Mirihi ni nusu sentimeta, Utaridi hata nusu haifiki. Uranusi na Neptuni ni sentimeta 4 kila moja. Zohali ni sentimeta 9 na nusu bila pete zake. Mshtarii ni sentimeta 11. Halafu Jua, kwa kipimo hicho hicho, ni duara la sentimeta 109. Unganisheni magazeti, pakeni njano, bandikeni ukutani. Kama ukuta hautoshi, fanyeni nusu yake inayochomoza pembeni. Msijaribu kupanga umbali kwa kipimo hicho, maana Dunia ingebidi ikae zaidi ya mita 100 kutoka kwenye Jua, na sherehe ingehamia barabarani.

Nilitaka kulitaja kwa sababu watu wazima waliokaa pembeni wakisubiri watoto huanza kubishana mbele ya ukuta ule, nalo linakuwa jambo la siku. Tena ni karatasi tupu. Wageni wakizidi wanane na kila mmoja anataka sayari yake, wapeni miezi. Mshtarii peke yake ina miezi minne mikubwa, ile aliyoiona Galileo kwa darubini mwaka 1610: Io, Europa, Ganymede na Callisto.

Turudi kwa maharamia, kwani wana kitu ambacho mada nyingine inaweza kuazima: ramani. Chemsha maji kidogo, tia majani ya chai mengi hadi yawe meusi, acha yapoe. Karatasi nyeupe ifinye iwe mpira, ifungue, ipake ile chai kwa brashi au kitambaa. Rangi itaingia zaidi kwenye mikunjo, na hapo ndipo uzee wake unapotoka. Ianike. Ikikauka ndiyo uchore, kwa maana ukichora kwa kalamu ya wino kwanza halafu ukapaka chai, wino wote unatapakaa. Kingo zichane kwa vidole. Wapo wanaochoma kingo kwa mshumaa. Inapendeza, ila huo ni moto na karatasi kavu, na kuchana kunatoa matokeo yale yale.

Ramani hii ikatwe vipande kwa hesabu ya wageni, na kila kipande kiwe ndiyo kadi ya mwaliko. Nyuma yake andika siku, saa na mahali. Mwambie kila mzazi mtoto aje na kipande chake. Siku ya sherehe watoto wanakaa chini na kuunganisha, na ramani ikikamilika inaonyesha hazina imefichwa wapi. Hamjanunua kadi, hamjanunua mchezo. Ila kuna jambo moja la kuangalia: lazima atakosekana mgeni, na atakuwepo wa kusahau kipande nyumbani. Kwa hiyo kile kipande chenye alama ya mahali pa hazina abaki nacho mwenye sherehe, na ramani nzima ipigeni picha kabla ya kuikata, ili mzibe pengo kwa haraka. Wapelelezi wanaweza kutumia barua iliyokatwa hivyo hivyo, wanaanga nao ramani ya nyota.

Na hazina yenyewe ni nini? Mkono mtupu haulambwi, na watoto hawa wametembea na ramani. Hapa naleta unga wa chumvi, ambao kwangu mimi ndio mfalme wa vitu rahisi. Vikombe viwili vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha chumvi laini, na maji yasiyozidi kikombe kimoja, ukiyaongeza kidogo kidogo. Kanda mpaka usishike vidole. Ukichanika ukikunja, ongeza tone la maji. Ukinata, ongeza unga. Usukume uwe na unene wa nusu sentimeta, kata miduara kwa mdomo wa glasi. Kabla haijakauka, gandamiza kitu juu: jani lenye mishipa, gamba la konokono, kifungo chenye nakshi, mguu wa mnyama wa plastiki. Jani ukiliondoa taratibu kuanzia kikonyoni, kila mshipa unabaki. Kwa mada ya dinosau una mabaki ya kale, kwa mada ya maharamia una sarafu, kwa michezo una medali. Toboa tundu kwa mrija wakati huu huu, kwa sababu kikishakauka kinapasuka.

Kukausha ndiko kunakowashinda watu. Wanataka haraka, wanaweka moto mkali, unga unavimba na kujikunja kingo. Tanuri liwe la chini, kama nyuzi 100 za Selsiasi, saa mbili au tatu, na katikati uvigeuze. Asiye na tanuri aanike penye hewa siku kadhaa, akigeuza asubuhi na jioni. Kikiwa tayari, ukikigonga kwa ukucha kinalia kikavu. Rangi ni baada ya hapo. Kisikae penye unyevu, chumvi huvuta maji na kitu kinalainika tena.

Naomba mnisikilize vizuri hapa. Unga huu una chumvi nyingi mno. Mtoto akionja kwa ncha ya ulimi atakunja uso na kutema, lakini asiachiwe aumeze, na mbwa wa nyumbani asiufikie kabisa, mbichi wala mkavu, maana chumvi kiasi hicho inaweza kumuua. Halafu ulizeni wazazi mapema kama kuna mtoto ambaye ngano inamdhuru. Akiwepo, acheni unga mfanye medali za kadibodi tabaka tatu zilizobandikwa pamoja. Msimtenge akakaa pembeni akitazama wenzake.

Nikiwa bado kwenye usalama, nimalizie yote kwa mkupuo. Kile kibomba cha karatasi ya chooni kina kazi nyingine: ni kipimo. Kitu chochote kinachopita ndani yake ni kidogo mno kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, anaweza kukimeza kikamkaba. Shanga, vifungo, macho ya plastiki ya kubandika, vyote vipitisheni humo, na kumbukeni mgeni wa miaka sita mara nyingi anakuja na mdogo wake wa mwaka mmoja na nusu. Vipande vya puto lililopasuka ni hatari zaidi ya puto lenyewe, maana mtoto huvitia mdomoni na vinaganda kooni. Viokoteni palepale, na watoto wadogo wasiachwe kupuliza peke yao. Vitu vyenye betri bapa ndogo za duara msivitie kwenye mfuko wa zawadi hata kidogo. Na utepe wa medali shingoni uwe wa karatasi, unaokatika ukivutwa. Kamba imara shingoni mwa mtoto anayepanda na kushuka ni mtego.

Sasa hesabu, kwa sababu kazi za mikono zinaokoa pesa ila zinakula saa, na hili watu hawalisemi. Kabla hujaamua, tengeneza kimoja tu, na saa ukiitazama. Tuseme kofia imekuchukua dakika 4. Wageni 15 na viwili vya akiba ni kofia 17, dakika 68. Hiyo ni jioni moja mbele ya taarifa ya habari. Lakini ukiona katika picha bweta la karatasi lenye mfuniko na riboni, ukalijaribu likakuchukua dakika 25, zidisha kwa 17. Ni saa saba na ushei. Hilo liache lilivyo katika picha. Mzazi aliyekesha usiku wa manane akibandika mabweta anawapokea wageni macho mekundu na hasira karibu, na watoto wanalijua hilo kabla ya salamu.

Akiba hizo mbili si anasa. Moja ni ya mgeni ambaye hukumtarajia, nyingine ni ya kofia itakayochanika, na ikichanika bila ya kubadilisha kutakuwa na kilio cha kusikika mtaa wa pili.

Kisha pangeni kazi kwa umri. Wa miaka mitatu anachana na kubandika. Usimpe mkasi ukategemea mstari. Wa miaka minne na mitano wengi wanaweza kukata mstari ulionyooka. Sita na saba, wanaweza kufuata mzunguko. Minane na kuendelea, wape mkunjo mgumu, wape sindano butu na uzi wa sufu. Kwa hiyo wewe kata mapema yale yaliyo magumu, ukiwaachia wamalizie. Kila kifurushi kiwe ndani ya bahasha yake: ukanda, masikio mawili, kipande cha kuandikia jina. Ukimwaga kila kitu katikati ya meza, wenye mikono mirefu watakusanya masikio yote manane na mdogo wao atabaki na ukanda mtupu. Na kazi isizidi dakika 20. Baada ya hapo wa kwanza amemaliza na anatafuta cha kuharibu.

Na jamani, msirekebishe. Mnaomsaidia mwenye sherehe, hasa dada zangu na mama wakubwa mnaokaa meza ya watoto, ukiona simba ana masikio shavuni, ni simba wake. Kuna mtu mzima katika kila sherehe anayechukua gundi mkononi mwa mtoto akasema ngoja nikuonyeshe. Mpeni huyo kazi ya kupokea wageni mlangoni.

Kumeta nako mnajua ninakoelekea. Ile chenga ya rangi inayong'aa, mimi siiruhusu ndani. Inaingia kwenye zulia, kwenye macho, kwenye nywele, na sherehe ya mwaka ujao bado utaikuta. Karatasi ya ndani ya kifungashio inayong'aa, ikikatwa nyota, inafanya kazi ile ile na inaokoteka.

Kwa watakaopenda kuongeza kitu kidogo cha kuondokea, nataja viwili tu. Krayoni zilizovunjika, ambazo kila nyumba yenye mtoto inazo: ondoeni makaratasi, zikateni vipande, mzipange kwa rangi kwenye kibati chenye umbo la nyota au samaki kulingana na mada, mtie kwenye tanuri la nyuzi 120 hivi kwa dakika 10 mpaka 15, ziyeyuke. Afanye mtu mzima, na kibati hicho kisirudi tena kwenye chakula. Zikipoa zinatoka krayoni mpya za rangi nne tano kwa pamoja, na mtoto anakuwa na kitu cha kuchorea. Cha pili ni maji ya mapovu: sehemu moja ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa sehemu sita za maji, na kijiko cha sukari ili povu lisipasuke upesi. Koroga pole pole, acha yalale usiku mmoja. Waya laini uliozungushwa kitanzi ndio wa kupulizia, ncha zake zikunjwe na kufungwa selotepu. Kwa mada ya bahari andika kwenye chupa "pumzi ya pweza", kwa mada ya anga andika "hewa ya mwezini". Najua mwezini hakuna hewa. Mtoto mmoja alishanisahihisha kwa ukali.

Swali lililoletwa kwa karatasi hapa mbele linasema: mtoto wangu atawaona wenzake wana sherehe za kununua, je, hatajiona mnyonge? Mama uliyeuliza, nakuelewa. Nikujibu hivi: mshirikishe siku tano au sita kabla. Akate vibendera na wewe, apake chai ramani, achague sarafu ipi inakwenda kwa rafiki yupi. Wageni wakiingia, yeye ndiye atakayekuwa akiwaeleza kila kitu kilivyotengenezwa, na wenzake watataka kujua mambo ya chai. Kama bado anataka kitu kimoja cha kununua, mnunulie hicho kimoja, kiwe kikubwa, kikae katikati, na vilivyobaki vyote viwe vya mkono. Hakuna sheria inayokataza.

Swali la pili: mabaki yanafanywa nini? Vibendera vya kitambaa vikunjwe viwekwe, vitarudi mwaka ujao kwa mada nyingine yoyote. Jua la sentimeta 109 mpelekeeni mwalimu wa darasa, nina hakika atalipokea kwa mikono miwili. Vingine vitupeni bila huruma.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi sogezeni viti. Meza ya kulia ina karatasi za A3 za kofia, ya kushoto ina unga wa chumvi ulioshakandwa na majani ya kugandamiza, na mikasi miwili yenye mpini wa kijani ni ya wanaotumia mkono wa kushoto, tafadhali waachieni. Atakayemaliza kofia kwanza amsaidie jirani yake kwa maneno tu, bila kushika karatasi yake.